Mama Aliyezikwa Redioni

Alhamisi ni siku ya gulio Lushoto, na Alhamisi hiyo ya mwezi wa pili, mwaka 2002, Yassin Bakari alikuwa ameinama akifungua gunia la karoti la mama yake aliposikia mwanamke akipiga yowe. Alipoinua kichwa akamwona Bi Hadija, muuza dagaa wa Soni, amesimama mbele ya mafungu yao ya matunda damu, yale mekundu ya milimani, kanga imemwanguka begani, macho yamemtoka kama aliyekanyaga nyoka.

"Fatuma!" alisema. "Fatuma, ni wewe?"

"Ni mimi. Kwani wewe unamwona nani?" mama yake Yassin alijibu.

Bi Hadija alisogea, akamshika mkono, akauminyaminya, kisha akamshika shavu. Aliporidhika kwamba ni nyama na damu akajibwaga juu ya gunia la kabichi la watu, akawa analia huku anacheka.

"Jana tumekusomea Fatiha mimi na wanangu. Na ubani tumechoma. Nilikuwa nije kijijini kwenu Malindi leo kutoa pole, nikasema nipitie kwanza hapa gulioni ninunue sukari. Wamesema umekufa!"

"Nani kasema?"

"Huyo mwanao. Kasema kwa mdomo wake, redioni."

Fatuma aligeuka akamtazama Yassin. Katika miaka ishirini na moja ya maisha yake, Yassin alishatazamwa na mama yake kwa hasira, kwa kicheko, kwa wasiwasi wa mzazi. Jicho la siku ile hakuwahi kuliona. Lilikuwa jicho la mtu anayeuliza, kaburi langu umelichimba wapi?

"Mimi?" alisema, karoti bado mkononi. "Sijawahi kusema kitu redioni, mama. Wallahi sijawahi."

Aliapa kwa dhati, maana ndivyo alivyojua.

Yassin alikuwa mchanaji mistari. Kule Malindi, kijijini kwao juu ya Lushoto, wazee walisema ni uhuni, vijana walisema ni kipaji, na mama yake alisema ni sawa tu alimradi kabichi zipaliliwe. Alianza akiwa sekondari pale Soni, alikokuwa akikaa kwa shangazi yake. Ilikuwa miaka ile redio za watu binafsi zilipokuwa zinazaliwa moja baada ya nyingine, na mtu aliyezoea taarifa ya habari na salamu za wagonjwa akawa anasikia vijana wenzake wakighani kwa Kiswahili juu ya biti nzito. Darasani alikuta wenzake wawili wenye ugonjwa huo huo. Wa kwanza ni Elinuru, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, mwenye sauti nene na mzaha usioisha. Wa pili ni Lucian, mrefu, mkimya, mtoto wa shamba la chai upande wa Bumbuli. Wazazi wa Lucian walitoka mbali, Mbinga, kando ya ziwa Nyasa, wakaja Usambara kutafuta kazi kabla yeye hajazaliwa. Kishambaa alikijua cha kuombea maji tu, lakini akishika kalamu hakuna aliyemfikia.

Walijiita Kona Kali, kwa zile kona za barabara ya kupandia kutoka Mombo ambazo hata dereva mzoefu huzisalimu kwa honi. Waliimba kwenye mahafali ya shule, kwenye ukumbi wa Lushoto siku za sikukuu, na mara moja kule Irente mbele ya wazungu waliokuja kutazama mandhari, wakapigiwa makofi na kupewa jibini ambayo Elinuru aliitema kichakani. Neno lao lilikuwa moja: tunaingia watatu, tunatoka watatu.

Wimbo wao mkubwa uliitwa "Huku Juu". Ulikuwa na beti tatu, kila mtu na ubeti wake. Yassin alighani kuhusu malori ya mboga yanayoshusha jasho la wazazi wao mjini. Elinuru aliwachekesha watu kuhusu baridi ya Julai. Ubeti wa tatu ulikuwa wa Lucian, na huo haukuwa na mzaha ndani yake. Ulihusu mama yake, aliyefariki kwa homa ya mapafu masika ya mwaka 2000.

Siku aliyowasomea mara ya kwanza, Elinuru alitoka nje akijifanya ana mafua. Yassin alisema, akimwita kwa Kishambaa kama wanaume wanavyoitana, "Mgosi, huu ukiingia redioni nchi nzima italia."

"Utaingia," Lucian alijibu. "Lakini huu naimba mimi tu. Na kabla hatujarekodi kuna jambo langu moja lazima nilimalize."

Hawakumuuliza jambo gani. Vijana wa umri ule hawaulizani mambo kama hayo.

Basi Januari ya 2002 ndipo mambo yalipoanza kupinda. Baba yake Yassin aliumwa mgongo, ikabidi Yassin asindikize lori la mboga mpaka Dar es Salaam badala yake. Kona Kali wakaona Mungu kafungua mlango. Mtu wao mmoja anakwenda mjini, na mjini ndiko studio ziliko. Lucian alikuwa kibarua kiwandani na msimu wa chai ulikuwa umepamba moto, hawezi kuondoka. Elinuru alikuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, na baba yake kashasema mtoto wake hatakanyaga Dar mpaka yatoke. "Nenda kaulizie tu," walimwambia. "Ukipata studio, tutakuja wote."

Yassin alipata studio Sinza, ya prodyuza mmoja kijana aliyeitwa Athumani, mwenye kofia ya sufu kichwani hata kwenye joto lile. Athumani alimsikiliza, akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna, akasema, "Rudia." Aliporudia, Athumani akasema, "Na beti nyingine zikoje?" Yassin akamwambia ni za wenzake.

"Najua ni za wenzako. Ziimbe zote nijue urefu wa wimbo, nitengeneze biti. Wenzako wakija watarudia kwa sauti zao, yako tutaifuta. Ni kivuli tu hiki."

Kwa neno hilo la kivuli, Yassin akaingia kwenye kile chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Akaimba wake. Akaimba wa Elinuru, akauharibu kidogo. Akaimba na wa Lucian. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu: alipoufikia ule ubeti wa tatu, hakuuimba kama kivuli. Aliuimba kwa roho yake yote. Alimwona mama yake Lucian, mama Lusi kama walivyomwita, yule mama aliyewahi kumpa viazi vya kuchoma mvua inanyesha, na sauti ikamkatika yenyewe kwenye mstari wa mwisho. Athumani, nyuma ya kioo, alivua kofia.

Wiki tano zikapita. Kijana wa watu akarudi Malindi, akapalilia, akawaambia wenzake studio imepatikana, wajipange kwa Pasaka. Na sasa yuko gulioni na karoti mkononi, mama yake hai mbele yake, na watu wanazidi kujaa kumtazama marehemu akiuza matunda.

"Twende," Fatuma alisema. Alimwachia jirani mafungu yake, akamshika mwanawe kiwiko kama anavyoshikwa mtoto aliyekutwa kwenye miwa ya mtu, wakaenda mpaka kwenye kibanda cha kuuzia kanda, nyuma ya gulio, ambako redio hailali.

Hawakusubiri sana. Baada ya nyimbo tatu au nne, mtangazaji akasema kwa sauti ya huzuni, "Na sasa kwa mara nyingine, kwa maombi yenu ninyi wasikilizaji, kijana yatima kutoka milima ya Usambara. Anaitwa Yasi wa Mlimani, na hii ni 'Huku Juu'."

Biti ikaingia. Yassin akajisikia. Mtu anayejisikia redioni kwa mara ya kwanza hupaswa kuruka juu kwa furaha, naye kwa pumzi moja karibu aruke. Kisha akangoja ubeti wa Elinuru, haukuwepo. Umekatwa. Umekatwa kama mkia wa mbwa, na biti imeshonwa pale pale kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Ukaja ubeti wa Lucian, kwa sauti yake yeye Yassin:

*Kitambaa cha kijani kichwani, kikapu kimelowa mgongoni,*
*Wenzake wakimwita Nyasa, ukungu ukimmeza shambani.*
*Jumapili aliniambia, "Mwanangu, leo usiende Soni,"*
*Nikaenda kushika maiki, homa ikamshika kitandani.*
*Akaomba maji mara tatu, jirani ndiye aliyesikia,*
*Nikarudi na makofi masikioni, nakuta mlangoni wanalia.*

Na pale mwisho, sauti inakatika.

Muuza kanda aliguna, "Duh. Huyu dogo kaumia kweli." Hakujua aliyesimama mbele yake ni nani.

Fatuma alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Huyo ni mama yake Lucian," alisema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Umemchukua mama wa mwenzio aliyekufa, ukanivika mimi niliye hai."

Yassin alitaka kueleza habari ya kivuli, na magodoro, na Athumani. Mama yake alikuwa ameshageuka kurudi kwenye matunda yake, na njiani wanawake wawili walimsimamisha wakamshika mashavu.

Alasiri ile ile Yassin alishuka Soni. Elinuru alishausikia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha.

"Mgosi, nilijitafuta mle ndani," alisema. "Nikadhani redio ina tatizo. Nikaipiga kofi."

Yassin alimweleza yote, isipokuwa ile habari ya kuimba kwa roho. Elinuru alisikiliza, akatema mate pembeni, akasema anamwamini, lakini kuamini ni kitu kimoja na kumeza ni kingine. Wakafuatana wote wawili mpaka kambi ya wafanyakazi wa chai, wakamkuta Lucian nyuma ya kiwanda akipanga kuni za tanuru. Yeye hakuwa amesikia. Zamu yake ilikuwa ya mashineni, na mashineni hakuna redio.

Yassin alimwambia. Alitegemea ngumi, na kwa kweli alikuwa ameshaandaa shavu. Lucian hakuinua mkono.

"Umeimba mpaka mwisho?" aliuliza.

"Mpaka mwisho."

"Na habari ya Soni?"

"Nayo."

"Na maji?"

"Na maji, Lusi."

Lucian alikaa chini, pale pale kwenye maganda ya kuni. Alipumua kama mtu aliyepanda mlima kwa mbio, mpaka Elinuru akainama kumshika bega.

"Inasikika mpaka huku?" Lucian aliuliza.

"Inasikika nchi nzima," Yassin alisema, na hapo akajua amesema neno baya, ingawa ubaya wake hakuuelewa.

Lucian alinyanyuka, akapangusa suruali, akaendelea kupanga kuni. Hakuwaangalia tena. Walisimama pale kama wageni waliokosea nyumba, mpaka wakaondoka wenyewe.

Yassin alikwenda kibanda cha simu, akampigia Athumani. Alipiga kelele mpaka mwenye kibanda akamwomba apunguze. Athumani alimwacha amalize.

"Sikiliza, Yasi. Nilimpa rafiki yangu wa redioni asikilize tu, akaupiga. Watu wamelia. Huwezi kuwarudishia machozi yao. Njoo mjini, kuna maonyesho matatu yanakusubiri. Ukishasimama, utawavuta wenzako. Kamba hufungwa juu kwanza, ndipo walio chini wapande."

Yassin alilitafakari neno hilo usiku na mchana. Elinuru, alipoulizwa, alisema, "Nenda, lakini ukirudi bila sisi usirudi Soni." Lucian hakuulizwa. Hapo ndipo Yassin alipokosea mara ya pili, na safari hii hakukuwa na prodyuza wa kumsingizia.

Akaenda. Miezi mitano Yasi wa Mlimani akawa jina. Aliimba Dar, Morogoro, Tanga, akaimba mpaka Arusha. Kila alipopanda jukwaani alianza kwa kupaza sauti, "Kona Kali!" Watu wakaitikia bila kujua maana yake, wakidhani ni msemo wake. Alirekodi wimbo wa pili peke yake, nusu ya mistari ikiwasifu Elinuru na Lucian kwa majina. Alimwomba Athumani awalete wenzake, Athumani akasema baada ya mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa na mwezi wake ujao.

Na kila alipofika ubeti wa tatu, ukumbi ulinyamaza, wasichana wakalia, na sauti yake ikakatika pale pale mwisho. Mwanzoni ilikuwa inakatika yenyewe. Baadaye aligundua kwamba anaikata.

Mwezi wa saba alialikwa redioni kwa mahojiano, asubuhi watu wakinywa chai. Mtangazaji, dada mmoja mpole, alimwuliza, "Yasi, tuambie, mama angekuwepo leo angesema nini?"

Yassin alifungua mdomo. Angeweza kusema pale pale kwamba mama yupo, anapalilia karoti. Akanyamaza. Alinyamaza sekunde nyingi mpaka dada yule akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Wasikilizaji, mwacheni, hawezi."

Kule Malindi, Fatuma alikuwa amewasha redio ili amsikie mwanawe. Yassin alipompigia simu kwenye kibanda cha Lushoto jioni ya keshoye, hakusalimia.

"Ule wimbo nilikusamehe, kwa kuwa ulidanganywa," alisema. "Jana nani kakudanganya?"

"Mama..."

"Siku zote najua nina mtoto. Jana nimekaa na redio nikajiuliza, huyu ni wa nani?" Akakata.

Yassin alipanda basi kesho yake bila kumuaga Athumani. Hakwenda Malindi kwanza. Aliona aibu kuingia kwa mama yake mikono mitupu, na kitu pekee alichodhani kingemsafisha ni kumpata Lucian, waingie studio watatu, ubeti urudi kwa mwenyewe. Alimpitia Elinuru, ambaye sasa alikuwa anafundisha shule ya msingi kwa muda na hakuwa amekanyaga kambini tangu siku ile ya kuni, wakaenda kambi ya chai.

Nyumbani kwa kina Lucian walimkuta baba yake peke yake. Mzee Kristofa alikuwa mchochea tanuru la kukaushia chai, mtu wa miraba minne, nyusi zimeungua zikaota, zikaungua tena. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, redio ndogo ya betri mapajani, imezimwa.

"Shikamoo, baba," walisema pamoja.

"Marahaba. Karibuni." Alimtazama Yassin kwa muda. "Wewe ndiye uliyeimba habari za mke wangu."

Yassin alipiga goti bila kupanga, pale pale kwenye udongo mwekundu, akaanza kuomba radhi kwa kuiba jina la marehemu.

"Ngoja kwanza," Mzee Kristofa alimkatiza. "Sikuulizi wizi. Wimbo wenyewe niliusikia mwezi wa pili kwa mwenye duka. Nikasema, masikini, mtoto huyu naye yamemkuta kama yetu. Kisha nikasikia kitambaa cha kijani. Nikasikia Nyasa. Hapa kambini ni mmoja tu aliyeitwa Nyasa. Nikauliza, ni nani kaandika? Sasa nakuuliza wewe, ni Lucian kaandika?"

"Ni Lucian, baba."

"Kila neno?"

"Kila neno."

Mzee aliweka redio chini. "Mama yake alipofariki mimi nilikuwa Mbinga, nazika kaka yangu. Niliporudi walishamzika. Nikamwuliza kijana, mama yako alikwendaje? Akaniambia, 'Nilikuwa naye, baba. Nilimshika mkono. Aliomba maji nikampa.'"

Elinuru alivuta pumzi kwa sauti.

"Miaka miwili," mzee aliendelea, "kila tukikaa kula, namshukuru. Nimeandika barua nyumbani, nimewaambia ndugu wote: kijana wangu ndiye aliyempa mama yake maji ya mwisho. Wageni wakija namsimamisha, nasema huyu hapa. Na kila nikimshukuru alikuwa anainama, nikadhani ni adabu."

Kutoka kiwandani ilikuja harufu ya majani yanayokaushwa, na mahali fulani mtoto alikuwa anaitwa akateke maji.

"Nikamwendea Dorothea, huyo jirani, nikamwuliza. Akalia, akasema kijana alimsihi asiniambie. Niliporudi ndani nimwite mwanangu tuzungumze, kitanda kitupu. Kaondoka siku ile ile uliyokuja kumwambia. Tangu mwezi wa pili sijui alipo." Mzee aliokota redio, akairudisha mapajani. "Anadhani nikimwona nitamlaani. Mimi nimekaa hapa nawaza, jamani, nilikuwa namchapa mtoto wangu kila siku kwa asante."

Yassin alibaki amepiga goti. Lile jambo ambalo Lucian alitaka kulimaliza kabla ya kurekodi, sasa alilijua. Alikuwa anatafuta ujasiri wa kumwambia baba yake, na yeye Yassin akamtangulia, kwa spika, kwa nchi nzima, miezi mitano mfululizo, akipigiwa makofi.

"Mtafuteni," mzee alisema. "Mwambieni sina neno."

Walimtafuta wiki mbili. Maonyesho mawili yalipita Dar bila Yasi wa Mlimani, Athumani akatuma salamu za vitisho, kisha za kubembeleza. Walimpata Korogwe, anapakia mifuko ya saruji kwenye malori, kakonda, nywele nyeupe kwa vumbi. Yassin alimweleza aliyoyasema mzee, neno kwa neno. Lucian alisikiliza huku akikwangua saruji kwenye kucha.

"Hakukasirika?"

"Analia kwa ajili yako."

Lucian aligeuza uso upande wa malori, akakaa hivyo. Alipogeuka tena alisema, "Siku za kwanza nilikuwa nausema ule ubeti peke yangu, kimyakimya, nikiubeba mfuko. Sasa hivi siwezi. Nikiusema nasikia sauti yako. Hata mama nikimkumbuka, anakuja na ile biti."

Yassin alisema tu, "Twende nyumbani."

"Tangulieni."

Walipanda bila yeye. Yassin akapiga simu redioni, akaomba nafasi ile ile kwa dada yule yule, na kwa kuwa alikuwa bado jina, akapewa dakika tano kwa simu. Akasema: mama yangu yu hai, anaitwa Fatuma, yuko Malindi. Ubeti ule si wangu, ni wa mwenzangu, na kundi letu linaitwa Kona Kali. Nilinyamaza mbele yenu kwa uoga.

Upande wa pili kukawa kimya, na safari hii hakikuwa kimya cha huruma. "Yaani..." dada yule alisema, "yaani mimi nililia hapa, Yasi." Simu za wasikilizaji zikaanza. Alidhani watamsifu kwa ukweli. Walimtukana. Mmoja alisema amefiwa na mama yake kweli na wimbo ule ndio uliokuwa unamlaza, sasa amemnyang'anya. Wiki hiyo "Huku Juu" ulikoma kupigwa, na wimbo wake wa pili ukafa nao bila kosa lake.

Fatuma alimpokea mlangoni na jembe. "Karoti zimezidiwa na majani," alisema. Ndiyo ilikuwa salamu, na Yassin aliipokea kama mtu aliyepewa maji ya baraka.

Lucian alirudi kwa baba yake peke yake, mwezi wa tisa. Waliyozungumza wale wawili hakuna ajuaye. Dorothea alisema alisikia mzee akipika ugali na kumwita kijana aje ale, basi.

Mwaka uliofuata, baada ya Idd, Kona Kali waliingia studio ndogo Tanga, watatu. Ni Elinuru aliyeshikilia, kwa kuwaandikia wote wawili barua mpaka wakachoka kukataa. Walirekodi nyimbo sita. "Huku Juu" hawakuugusa. Kwenye wimbo wa nne, ambao walikubaliana uwe wa kusifu safari yao, Lucian alisogea kwenye maiki kwa ubeti ambao hakuwa amewaonyesha wenzake. Alighani kuhusu rafiki aliyepewa mzigo ausindikize, akaula njiani, akarudi anatafuna. Alimtaja. Jina kamili, Yassin mwana wa Bakari, na kijiji chake.

Elinuru aligeuka kumtazama Yassin kwa hofu. Prodyuza wa Tanga, asiyejua lolote, alikuwa anatikisa kichwa kwa utamu wa vina. Ubeti uliofuata ulikuwa wa Yassin. Angeweza kutoka mle chumbani, mlango ulikuwa wazi. Lucian alimaliza, akarudi hatua moja nyuma, akaacha nafasi mbele ya maiki, macho yake yakiwa kwa Yassin.

Yassin akaingia, wala hakuchelewa hata pigo moja.

Kanda ile iliuzwa Lushoto, Soni, Korogwe na Muheza, haikufika mbali zaidi. Ubeti walioupenda watu ulikuwa ule wa Lucian. Vijana wa Malindi waliukariri, na Yassin alipopita na gunia begani walimwimbia nyuma yake, naye akawa anaitikia kiitikio.